Gari Huwashwa Jioni

Tangu mwaka 1988 hadi 2003 nilikuwa dereva wa Land Rover za zamani katika uwanda wa Makonde, makazi yangu yakiwa Newala, na katika miaka yote hiyo sikumbuki asubuhi hata moja ya masika ambayo niliingia garini, nikazungusha ufunguo na kuondoka bila kwanza kufungua boneti. Anayeijua Mtwara ya pwani peke yake hudhani kusini ni jua na upepo wa bahari tu. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma kwenye poromoko ambalo wenyeji huliita Shimo la Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili ukungu hupanda usiku kutoka bondeni ukaingia kila mahali: katika nguo zilizoanikwa barazani, katika chumvi, katika unga, na katika injini. Mvua inaponyesha unaiona na kujikinga, lakini unyevu wa alfajiri hutua kimya juu ya chuma kilichopoa, na dereva mgeni huweza kulifuta gari lote likang'aa asijue kwamba ndani ya boneti kila waya umelowa.

Gari nililolitumia muda mrefu zaidi lilikuwa Land Rover Series III, aina iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na chanjo kwenye zahanati za vijijini. Nililikuta likiwa limekwisha kuchoka: viti vilikuwa vimeshonwa upya kwa turubai, sakafu ilikuwa na tundu upande wa abiria, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Hata hivyo injini yake ilikuwa nzima, na matatizo yote niliyoyapata kwa miaka mitatu ya mwanzo yalitokana na mimi, wala si gari.

Asubuhi iliyonifundisha hivyo ilikuwa ya mwezi Machi 1991. Tulitakiwa kuondoka saa kumi na mbili kwenda zahanati iliyoko bondeni, na muuguzi wa chanjo, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa amekwisha kupanga vichupa vyake ndani ya sanduku la baridi pamoja na pakiti za barafu kutoka katika friji la mafuta ya taa. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Barafu ile ilikuwa na saa zake, na sisi tulikuwa na safari ya kwenda, kazi ya kuchanja, na mwendo wa kurudi.

Nilivuta choki, nikazungusha ufunguo, na stata ikazunguka kwa nguvu bila injini kushika. Nikarudia. Nikakanyaga mafuta mara tatu, kama nilivyowaona madereva wengine wakifanya, nikarudia tena, hadi harufu ya petroli ikajaa mle ndani. Baada ya dakika kumi stata ilikuwa inazunguka kwa kujikokota, na baada ya kumi na tano ilitoa mlio mmoja mkavu tu na kunyamaza. Vijana waliokuwa wakipita kwenda shamba waliitwa wakasukuma, lakini mahali nilipokuwa nimeegesha palikuwa tambarare na tope limewafika vifundoni. Walisukuma mara nne, mara zote gari likatikisika na kusimama. Sista hakusema neno lolote la lawama. Aliingiza mkono ndani ya sanduku, akapapasa pakiti moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Mwanangu, barafu imeanza kutoa jasho."

Mtu mmoja akaenda kumwita mzee aliyekuwa fundi wa magari pale mjini. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Nachingwea, na ufundi aliupata akiwa kijana katika karakana za ule mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Mradi ule ulikufa mapema, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, lakini vijana waliofundwa kushika spana katika karakana zile walibaki, na kwa miaka mingi baadaye magari ya kusini yalitembea kwa mikono yao. Nimewahi kusoma mengi juu ya hasara ya mradi ule. Juu ya mafundi wale sijasoma mstari hata mmoja, nami naona si haki.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika marahaba, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa, kisha akaniuliza, "Limelala wapi?"

Nilidhani ni maneno ya mazungumzo tu, nikamjibu kwamba lililala palepale alipoliona. Akauliza lilikuwa limeelekea wapi, nami nikasema lilielekea upande uleule wa upepo. Akauliza tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, na nilipojibu kwamba lilikuwa chini ya robo, akatikisa kichwa polepole. "Baba, gari hili halikukataa asubuhi. Lilikataa jana jioni, ulipoliacha. Gari la namna hii huwashwa jioni."

Akafungua boneti, akafyatua vibanio viwili vya kofia ya distribyuta, chombo kinachogawa umeme kwenye plagi, akaigeuza na kuniletea karibu na uso ili niitazame. Ndani yake palikuwa na jasho jembamba kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na kati ya njumu mbili za shaba niliona mstari mweusi mwembamba, mwembamba kuliko unywele, uliochorwa kama kwa penseli. Akanieleza kwamba mstari ule ni njia ambayo moto wa umeme umeichoma ndani ya kofia baada ya kupita juu ya maji mara nyingi, na kwamba njia hiyo ikishachorwa, umeme utaipenda daima kuliko kwenda kwenye plagi. Alinieleza na jambo jingine ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote. Koili huchukua umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, na kuukuza hadi maelfu ya volti ili uweze kuruka katika mwanya wa plagi. Stata inapozunguka hunyonya betri kwa pupa, umeme unaoifikia koili ukapungua, na cheche ikadhoofika wakati uleule ambao unyevu unaivujisha. Kwa hiyo kila mara nilipozungusha ufunguo kwa hasira nilikuwa napunguza uwezekano wa gari kuwaka, tena nilikuwa namimina petroli juu ya plagi ambazo hazina moto wa kuiunguza.

Aliukwangua ule mstari mweusi kwa ncha ya kisu mpaka ukatoweka, akaikausha kofia kwa kitambaa safi cha pamba, akazifuta nyaya za plagi moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akafungua plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa petroli. Akamwomba mama mmoja jirani jiko la mkaa, akazipanga juu ya kipande cha bati na kuziacha hapo mpaka zikakauka na kuwa za moto kiasi cha kutoshikika. Wakati zikipata moto alipitisha msasa mwembamba katikati ya pointi, vile vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyokutana na kuachana ili koili itoe cheche, akapima mwanya wake kwa fila geji, kipimo cha vibapa vyembamba vya chuma, akaniambia usiwe chini ya milimita 0.35 wala usizidi 0.40, kisha akanipa fila geji ile nipime mwenyewe mara tatu mbele ya macho yake. Plagi zilirudishwa zikiwa bado za moto, naye akaniagiza nitoe hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, iliyokuwa nyuma ya kiti. Gari lilishika mvuto wa tatu.

Tuliondoka saa nne na nusu. Sista alikuwa amekwisha kubadilisha barafu, na chanjo ilifika salama, lakini akina mama waliokuwa wametembea tangu alfajiri wakiwa wamebeba watoto mgongoni, wengine kutoka vitongoji vya mbali, walikuwa wamesubiri mpaka wakakata tamaa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi. Mwezi ule hawakuchanjwa. Niliporudi usiku sikwenda kula kwanza. Nilitafuta mahali penye mteremko, nikaligeuza gari lipe upepo mgongo, nikalifunika.

Tangu siku hiyo jioni zangu zilikuwa na utaratibu wake. Jambo la kwanza lilikuwa kujaza tangi, kwa sababu tangi lenye nafasi kubwa huwa na hewa nyingi, na hewa ile inapopoa usiku unyevu wake hutua kwenye kuta za tangi na kuteremka chini ya petroli. Pampu ya mafuta ya gari lile ilikuwa na kikombe kidogo cha kioo chini yake, na hicho ndicho kilichokuwa mwalimu wangu mkweli kuliko wote. Asubuhi niliinama na kukitazama kwa tochi. Petroli ilionekana ya manjano hafifu, na kama kulikuwa na maji yalikaa chini kabisa kama ushanga mmoja unaong'aa, yakicheza unapokigusa kioo kwa kidole. Nilikifungua kikombe, nikamwaga ushanga ule, nikakifunga, kisha nikapampu kwa mkono kwa ule wenzo mdogo ulio ubavuni mwa pampu mpaka kijae tena. Kazi hiyo haikuzidi dakika tano. Petroli yetu wakati huo ilitoka kwenye mapipa, na mapipa yaliyosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko na kuyanyonya polepole yanapopoa, kwa hiyo nilijifunza pia kuyalaza mapipa ubavu na kuchuja kila lita kwa kitambaa.

Jambo la pili lilikuwa betri. Nilifungua waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, kila jioni, kwa kuwa nyaya za gari kuukuu huvuja umeme kidogo kidogo usiku kucha. Ule ukoga mweupe unaochanganyika na kijani kwenye vichwa vya betri niliuosha kwa maji ya moto kila Jumamosi na kupaka girisi. Mengine yalifuata: gunia kavu juu ya injini baada ya kupoa, turubai juu ya boneti, pua ya gari kuelekea mteremkoni, na jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Jiwe lilikuwa la lazima. Breki ya mkono ya Land Rover zile hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi, haishiki magurudumu yenyewe, na oili ikivujia pale gari huweza kuteremka peke yake usiku.

Kuhusu hendeli sina budi kusema zaidi, kwa sababu niliumia. Mzee fundi alinionyesha mara ya kwanza kwamba kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, hakizungushwi kuikumbatia hendeli kama unavyoshika mpini wa jembe, na kwamba hendeli huvutwa kutoka chini kwenda juu, haisukumwi kwenda chini. Nilifuata kwa miaka miwili. Asubuhi moja mwaka 1993, nikiwa na haraka na mikono imelowa, niliisukuma chini kwa uzito wa mwili wote. Cheche ikawahi kabla pistoni haijafika juu, injini ikarudi nyuma kwa kishindo, na hendeli ikanipiga kiganjani. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Nilikaa wiki sita na mkono kwenye plasta, na mpaka leo mkono huo hunijulisha kabla ya mvua kufika. Madereva vijana ambao hawajawahi kuona hendeli huniuliza kama kweli mtu aliweza kuwasha gari kwa mikono. Aliweza, lakini kwa nidhamu, na injini haina huruma kwa mwenye haraka.

Kulikuwa pia na kuvuka maji. Barabara zinazoteremka kutoka uwandani kwenda bonde la Lukuledi hukatwa na vijito ambavyo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na mwezi Februari hugeuka mito kwa muda wa saa moja. Nilikuwa nikisimama kabla ya maji, nikavua viatu na kuvuka kwa miguu kwanza, nikiupima mchanga kwa nyayo. Iwapo maji yalivuka magoti, nilirudi na kulegeza mkanda wa feni ili feni isirushe maji juu ya distribyuta, nikafunga tundu lililo chini ya nyumba ya klachi kwa kizibo chake, na kuifunika distribyuta kwa kipande cha tyubu ya tairi nilichokitoboa ili nyaya zipite. Kisha nilibonyeza kitufe cha manjano cha kuunganisha magurudumu yote manne, nikavuta wenzo mwekundu wa gia nzito, nikaingia majini polepole bila kubadilisha gia hadi ng'ambo. Watu wengi walijua kuingia majini, na wachache walijua yanayofuata baada ya kutoka. Kizibo kile kisipotolewa, oili inayovuja hukusanyika na kuharibu klachi. Breki za ngoma zikiwa zimejaa maji hazishiki kabisa, kwa hiyo unaendesha ukigusa kidogo pedali mpaka zipate joto na kukauka. Na jioni yake unafungua kizibo cha difu na kutazama oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue chuma cha moto kilipotumbukia katika maji baridi kilivuta maji ndani kupitia kwenye sili, na oili ile haifai tena hata kwa siku moja.

Safari ndefu kuliko zote niliifanya wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Wakati huo daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa, magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam haukuwa na mtu aliyethubutu kuuhesabu kwa saa. Kati ya Somanga na Nyamwage, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali usioiva, tulikwama usiku sita. Malori yalikuwa yamepangana mbele na nyuma yetu, na wanavijiji walituletea mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, wakituuzia kwa bei ileile ya siku zote, jambo ambalo nawashukuru hadi leo.

Katika foleni ile nilimwona dereva mmoja kijana akiwasha gari lake kila jioni kwa dakika mbili tatu, ili, kama alivyosema, betri isilale. Siku ya tatu betri yake ilikufa. Mzee fundi alikuwa amenionya mapema juu ya tabia hiyo: dakika mbili za kunguruma palepale hazirudishi hata sehemu ya umeme uliotumiwa na stata, na petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji ambao, injini isipopata joto la kutosha kuufukuza, hubaki ndani, ukalowesha plagi na kuigeuza oili kuwa povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukiliwasha, lipashe mpaka kiganja kisiweze kukaa juu ya rejeta. Na kama huna mafuta ya kufanya hivyo, liache lilale. Mimi nilifungua ethi, nikafuta nyaya kila magharibi, nikafunika distribyuta kwa mfuko wa nailoni, na sikuligusa kwa siku tatu nzima. Siku ya nne foleni iliposogea lilishika mara ya kwanza, nalo ndilo lililotumika kuliamsha lile la kijana kwa kuunganisha nyaya za betri.

Mambo haya yalipata maana pana zaidi nilipozungumza na bruda mmoja mzee kutoka Ujerumani, mmoja wa watawa Wabenediktini wa Ndanda, ambaye alikuwa mtu wa karakana kama sisi. Siku hiyo nilimkuta akitazama turubai langu na jiwe langu, akacheka kwa furaha, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba baba yake alikuwa akifanya hivyohivyo katika theluji. Akaniketisha kwenye benchi na kunieleza majira ya baridi ya utotoni mwake. Huko, alisema, maji ya rejeta yakiachwa bila dawa huganda usiku, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, hupasua injini ya chuma kama yai. Ndiyo maana watu wasiokuwa na dawa hiyo waliyamwaga yote kila jioni na kuyarudisha asubuhi yakiwa yamepashwa moto jikoni. Oili huwa nzito kama asali, stata ikashindwa kuizungusha injini, nayo betri katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake. Baba yake aliifungua betri kila usiku na kuiingiza ndani ya nyumba karibu na jiko, akaweka gunia mbele ya rejeta, na alfajiri wengine walisukuma trei ya makaa chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ili oili ilainike. Dizeli nayo hufanya nta ikaziba chujio.

Nilimsikiliza kwa mshangao. Mimi sijawahi kuona theluji, na baridi kali niliyowahi kuijua ni ile ya Juni na Julai pale Newala, wakati wa kipupwe, ambapo watu huvaa masweta hadi saa tatu asubuhi na injini ya dizeli isiyopashwa plagi zake hutoa moshi mweupe na kukohoa kama mzee mwenye kifua. Kwetu maji huiba cheche, kwao baridi huiba nguvu ya betri na wepesi wa oili. Lakini yule baba aliyekuwa akivuka theluji na betri kifuani kwake nilimtambua kabisa, kana kwamba tulikuwa madereva wa idara moja. Bruda alinipa chupa ndogo ya glasi yenye mpira, ya kupimia uzito wa maji ya betri. Niliitumia mpaka ikavunjika.

Mzee fundi alifariki kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na Land Rover ile iliuzwa kwa mnada mwaka huohuo. Sikuhudhuria mnada ule. Baadaye niliendesha magari mapya yasiyo na kabureta wala distribyuta, magari ambayo kompyuta yake hupima joto la injini na kuamua yenyewe petroli iwe kiasi gani, na ningekuwa mwongo nikisema kwamba natamani kurudi kwenye hendeli. Akina mama wa bondeni hawajali gari linawashwa kwa njia gani. Wanachotaka ni chanjo ifike.

Mwezi Mei 2024 nilikuwa nikisafiri na mpwa wangu kwenda Dar es Salaam baada ya kimbunga Hidaya, wakati mafuriko yalipokata barabara upande wa Somanga na magari yakapangana tena kwa siku kadhaa, ingawa safari hii foleni ilisimama juu ya lami. Gari lake ni la kisasa, la gia zinazojibadili zenyewe, na gari la namna hiyo betri ikiisha halisukumwi hata liwe mlimani. Jua lilipozama alikuwa amefungua milango yote miwili ya mbele ili tupate hewa, simu zetu mbili zimechomekwa kwenye chaji, na taa ya dari inawaka.

"Mjomba, huwezi kulala?" aliniuliza aliponiona natoka nje.

Nilimwambia achomoe simu na kufunga milango, kisha asogeze gari kidogo kulia, mahali palipoinuka, ili maji yakija usiku yasitukute. Akasogeza bila kuuliza. Taa ya dari ilizimika, nasi tukalala.